Lugha Si Baridi ya Sumbawanga

Usiku wa Jumapili moja mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Valencia, Hispania, anakosoma shahada ya uzamili. "Shangazi, shikamoo," akasema, kisha akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilipoitikia marahaba na kumuuliza kulikoni, akanieleza jambo ambalo wengine wangeliona dogo. Alikuwa ametoka duka la dawa. Jino lilikuwa linamuuma, muuzaji akamuuliza maswali mawili matatu kwa Kihispania, naye hakuambulia kitu. Akaishia kuonyesha shavu kwa kidole, akapewa dawa, akalipa, akatoka machozi yanamlengalenga. Ana miezi 8 katika nchi ile. "Shangazi, kila mtu wa nyumbani ananiambia, si uko huko huko, utaijua tu. Mbona siijui? Labda kichwa changu ni kizito."

Kichwa chake hakina tatizo. Tatizo ni hilo neno tunalomwambia, na mimi ni mmoja wa waliomwambia, siku ile tulipomsindikiza uwanja wa ndege. Leo naandika kulikanusha. Imani kwamba mtu akikaa ugenini lugha ya wenyeji itamwingia yenyewe ni uongo, tena uongo wenye madhara. Humfanya mgeni angoje. Akishangoja vya kutosha na lugha isije, anaona haya, maana ameambiwa kitu hiki humjia kila mtu, basi asiyejiwa ndiye mwenye kasoro. Haya hiyo humfungia ndani, na huko ndani hakuna wa kumfundisha.

Nayasema haya kwa sababu ya mji ninaoishi.

Nilifika Sumbawanga Januari 2001, mwalimu mpya wa shule ya msingi kutoka Muheza, kwa basi lililotutikisa kutwa nzima toka Mbeya kupitia Tunduma, barabara ikiwa bado ya udongo na mvua inanyesha. Juni ilipofika nikaijua baridi. Uwanda wa Ufipa uko juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai hupita kwenye nyasi zile bila kizuizi hadi kwenye mifupa ya mtu aliyekulia joto la Tanga. Baridi hiyo haikuniuliza kama nimejiandaa. Ilinikuta dukani, darasani, kitandani. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na masweta mawili na blanketi zito, navaa kama wenyeji. Nilidhani Kifipa nacho kitaniingia vivyo hivyo.

Miaka 11 baadaye nilikuwa sijui kuomba maji kwa Kifipa.

Sikuwa mvivu, wala sikuwadharau watu walionipokea. Nilipanga chumba Chanji kwa mama wa Kifipa, nikala naye, nikaenda naye misibani. Lakini sokoni niliuliza bei kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Ofisini Kiswahili, kwenye daladala Kiswahili. Shuleni tulikuwa na bango lililosema kuongea kilugha ni marufuku, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika majina ya watoto walioshikwa wakikiongea wakati wa mapumziko. Lugha niliyoitegemea iniingie, nilikuwa naifukuza mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Wenyeji nao walinisaidia kutojua, kwa wema wao. Mfipa ni mtu wa heshima kwa mgeni. Wanawake wanne wanazungumza Kifipa bombani, foleni ya ndoo iko nyuma yao. Nikitokea tu, wanahamia Kiswahili ili nisijione nimetengwa. Wakati ule nilishukuru. Sasa naona kwamba kila nilipoikaribia lugha yao, lugha ilitoka njiani kunipisha. Wa kuja wote wa Sumbawanga wanaijua hali hii, wawe Wachaga wa maduka ya vipuri, Wanyakyusa wa mabenki, Wahaya wa mahakamani au sisi walimu wa Tanga. Kuna watu wamezaa hapa, wamejenga Kizwite na Katandala, wamestaafu hapa, na Kifipa chao ni salamu peke yake, tena salamu yenyewe wanaikatiza katikati.

Kilichonitoa usingizini ni benchi.

Mwaka 2012 nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje katika kituo kimoja cha tiba mkoani kwetu, nikisubiri majibu ya malaria. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja kutoka kijijini, ameletwa na mjukuu wake wa kiume, mtoto wa miaka 10 hivi. Muuguzi akamuuliza kwa Kiswahili anaumwa nini. Bibi akapinda magoti, akapiga makofi mepesi ya salamu, akaanza kueleza kwa Kifipa. Muuguzi akamgeukia mtoto: "Anasemaje?" Mtoto akajibu, "Tumbo." Bibi alikuwa amesema maneno mengi, si hilo moja. Akaendelea, ameshika kiuno, anatazama pembeni, na kadiri alivyoongeza ndivyo mtoto alivyozidi kuinamisha kichwa. Kila mwanamke aliyekuwa pale alitambua kwamba bibi anaeleza jambo la kike, lisilofaa kupita kwenye mdomo wa mjukuu wa kiume. Wafipa wengine waliokuwepo walikuwa wanaume wawili, nao waligeuza nyuso kwa adabu. Mtoto akarudia, "Tumbo tu." Ikaandikwa tumbo.

Simlaumu muuguzi. Alikuwa amefanya kazi hapa miaka 9, aliniambia baadaye, na alikuwa mchapakazi. Mimi nilikuwa na miaka 11. Tulikuwa wanawake watano kwenye benchi lile, wa kuja wote, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuinuka akamwambia bibi, mama njoo huku pembeni, niambie mimi. Tulikuwa tumekaa Ufipa, tena sana. Kukaa kwetu hakukumfaa bibi kwa lolote siku ile.

Najua litakalosemwa: hayo ni mambo ya watumishi wa serikali ambao hawakuwa na haja. Aliye na haja ya kweli ataijua tu. Basi tuvuke Ziwa Tanganyika, ziwa hili hili linalopiga mawimbi Kirando na Kasanga.

Tarehe 24 Aprili 1965 mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Kongo, na kundi la kwanza la Wacuba, kwenda kuwasaidia waasi wa mashariki. Lugha yake ya mama ilikuwa Kihispania, hiyo hiyo inayomliza mtoto wetu. Wale Wacuba walijipa majina ya kuhesabia kwa Kiswahili: Víctor Dreke akaitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na Che mwenyewe Tatu. Alipewa kijana wa Kikongo awe mkalimani wake na amfundishe Kiswahili. Akaishi milimani miezi 7 kati ya wapiganaji walioelewana kwa lugha hiyo. Kama kukaa kunafundisha, nani angefundishwa kumzidi? Alikuwa na akili, alikuwa na nidhamu, alikuwa na mwalimu, na haja yake ilikuwa ya kufa na kupona. Novemba akaondoka ameshindwa. Akajificha katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam, na humo akaandika kumbukumbu za vita vile. Mwishoni anayahesabu makosa yake mwenyewe, na mojawapo ni hili: hakujifunza Kiswahili kwa haraka wala kwa kina. Sababu anaitaja bila kujificha. Alijua Kifaransa. Kifaransa kilimwezesha kuzungumza na viongozi, na papo hapo kikamtenga na askari wa kawaida.

Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Kifaransa chake ni Kiswahili changu cha Sumbawanga. Ni Kiingereza cha mtoto wetu kule Valencia. Mtu mwenye lugha ya kuvukia hubaki pale pale juu ya daraja, anawaona watu wa ng'ambo, wanapungiana mikono, siku zinakwenda. Na daraja hilo humpeleka kwa watu wa aina moja tu: waliosoma, wenye vyeo, wanaoijua lugha ya mgeni. Aliyeko mtoni hafiki kwake.

Ile Jumapili nilimwambia mtoto anihesabie siku yake, saa kwa saa. Masomo yake yote ni kwa Kiingereza. Chumba anakaa na Mkenya na Mganda. Wakiwa wawili na yule Mkenya ni Kiswahili, akiingia Mganda ni Kiingereza. Chakula ananunua kwenye duka kubwa ambalo unachukua mwenyewe, unalipa kwenye mashine, hakuna wa kumwambia buenos días. Jioni anazungumza nasi kwa simu, na mimi nilikuwa nafurahi akipiga kila siku. Tukakikusanya Kihispania anachokisikia na kukisema kweli, cha ana kwa ana. Tulipoongeza hata cha kwenye basi, hakikufika nusu saa kwa siku. Kwa miezi 8 hiyo ni kama saa 120.

Sasa linganisha. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina chuo chake cha kufundishia wanadiplomasia lugha, na imefanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Hesabu yao ni kwamba mtu mzima anayejua Kiingereza anahitaji wiki 24 hadi 30 za kusoma kutwa nzima ili aweze kufanya kazi kwa Kihispania, na Kihispania kwao ni miongoni mwa lugha nyepesi. Kiswahili wamekipangia wiki 36. Kwa Kihispania hizo ni saa 600 hadi 750 za darasani peke yake, na mwalimu mbele yao, na kazi ya kufanya usiku. Hao ni watu waliochaguliwa, wanaolipwa mshahara wasome. Mtoto wetu ana saa 120 za kusikiliza tangazo la kituo kinachofuata, halafu anajiuliza kama ana akili.

Watu wanaoamini msemo huu wana ushahidi wao wa aina mbili, nao ninauheshimu: watoto na wafanyabiashara. Mtoto wa mfugaji Msukuma aliyehamia na ng'ombe bonde la Rukwa, wanasema, anacheza na watoto wa Kifipa mwaka mmoja na anaongea. Mwanamke anayeuza nguo na mahindi mpakani Kasesya anapatana bei na Wamambwe wa Zambia kwa lugha yao, na hakuna darasa alilokwenda. Ni kweli. Lakini tazama wanachofanya. Yule mtoto hajui Kiingereza wala Kiswahili cha kukimbilia; asipoelewa kanuni za mchezo anatolewa mchezoni. Anakosea, anasahihishwa kwa kelele na wenzake kumi kwa wakati mmoja, kutwa, siku saba za wiki. Yule mama wa Kasesya akikosea namba anapoteza fedha jioni ile ile. Nakumbuka mzee mmoja mwenye asili ya Kiarabu aliyekuwa na duka upande wa Namanyere; Kifipa chake walikisifu Wafipa wenyewe. Alisimama nyuma ya kaunta miaka 30 akiwasikiliza watu ambao asipowaelewa wanakwenda duka la pili. Hao wote tunawaona "wamekaa". Ukweli ni kwamba wamefanya kazi ngumu kuliko ya mwanafunzi yeyote, ila kazi yao haina daftari, kwa hiyo hatuihesabu.

Kuna jambo jingine la Valencia ambalo mtoto alinisimulia bila kujua uzito wake. Mji ule una lugha mbili za kisheria, Kihispania na Kivalencia, ambacho ni tawi la Kikatalani. Majina ya mitaa yameandikwa kwa Kivalencia, watoto wanasomeshwa, wazee wa vijijini wanakiongea. Na kuna Wahispania waliohamia pale toka mikoa mingine miaka mingi iliyopita ambao hadi leo hawakiongei, kwa kuwa kila Mvalencia akiwaona anawageuzia Kihispania. Nilicheka kwa uchungu. Niliwajua watu hao. Nilikuwa mmoja wao, bombani pale Chanji.

Na tusijidanganye kuhusu Kiswahili chenyewe. Husemwa kwamba kilienea Tanzania kama maji yanavyoenea, watu wakikaa pamoja tu. Kilienezwa. Mwaka 1967 kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wakakaa chini ya miti jioni, mikono ina udongo wa shamba, wakisoma vitabu vya kisomo kwa taa ya kandili. Redio ikafanya sehemu yake, Jeshi la Kujenga Taifa sehemu yake. Wapo mama zetu wa vijiji vya Ufipa ambao hawakupata bahati ya kukaa chini ya miti ile, na wameishi maisha yao yote ndani ya nchi ya Kiswahili bila Kiswahili. Bibi wa kwenye benchi ni mmoja wao. Kama hewa ingefundisha, angekwishajua.

Waliokuja Ufipa wakidhamiria kujua lugha hawakuitegemea hewa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe huko Algiers mwaka 1868, aliwaamuru mapadri wake waongee lugha ya watu waliotumwa kwao, wale chakula chao na wavae kama wao. Walikabidhiwa Karema, kando ya Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko wakaja kuisambaza dini yao Ufipa nzima. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu walichokuja kufanya. Ninachokitazama ni hiki: hawakusema tutaijua tu. Waliifanya kuwa amri, wakakaa na wenyeji kuandika orodha za maneno, na makosa yao wakayafanya hadharani, juu ya mimbari.

Mimi nilianza kwa jembe. Baada ya siku ile ya benchi nilikwenda kwa mama mwenye nyumba wangu wa zamani nikamwomba kitu kimoja: Jumamosi niende naye shamba, na tukishavuka kijito asiniambie hata neno la Kiswahili mpaka tutakaporudi. Aliona haya kwa niaba yangu. Mara tatu za mwanzo alivunja ahadi, akanihurumia, akanitafsiria. Mara ya nne nilimsihi. Ilikuwa mwishoni mwa masika, wakati wa kufanya ntumba, yale matuta makubwa ya duara ambayo Wafipa wamelimia tangu zamani: nyasi unazikata na kuzifukia chini ya udongo, zioze humo, juu unapanda maharage; mvua za msimu unaofuata tuta linasambazwa na ulezi unamwagwa kwenye udongo uliokwisha kushiba. Kazi hiyo ina kuinama, kushika, kutupa, kufunika, hapa, pale, siyo hivyo, ongeza, acha. Nilijifunza maneno ya mwili kwanza. Mkono ulijua kabla ya kichwa. Kwa wiki nyingi niliweza kumwambia mtu afukie nyasi na sikuweza kumuuliza ameamkaje.

Ilinichukua miaka miwili ya Jumamosi kufika mahali pa kuweza kukaa na mwanamke asiyejua Kiswahili nikamsikiliza. Nakitaja kipimo hicho makusudi. Kwa sababu msemo huu ninaoukanusha una pacha wake, nao ni imani kwamba kujua lugha ni kuiongea kama aliyezaliwa nayo, bila kosa, bila lafudhi. Mtoto wetu anaogopa kufungua mdomo kwa sababu bado "hajaijua". Anasubiri aijue ndipo aiongee. Hakuna mlango kama huo. Kifipa changu mpaka leo kina Muheza ndani yake na sitaki itoke. Kinatosha kumsikia mama akisema panapouma.

Jambo ambalo hakuna aliyemwambia mtoto huyu, na lingemfaa kuliko faraja zetu zote, ni kwamba Mswahili anayejifunza Kihispania ana mtaji. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Mwingereza huzihangaikia kwa muda mrefu. Ile herufi yao ñ ni ny ya nyumba. Kitenzi chao kinambeba mtendaji ndani yake: hablo ni nasema, hablas ni unasema, huhitaji kuongeza mimi na wewe. Na vivumishi vyao vinafuata jina kwa upatanisho, libro bonito, libros bonitos, kama sisi tunavyosema kitabu kizuri, vitabu vizuri, tena jina linatangulia na sifa inafuata kama kwetu. Aliyelelewa katika ngeli zaidi ya kumi hana sababu ya kuogopa lugha yenye jinsia mbili. Amekuwa akijifunza Kihispania kupitia Kiingereza, kwa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza, akiyabeba matatizo yao juu ya yake. Nilipomwonyesha hayo kwa simu alicheka kwa mara ya kwanza usiku ule.

Halafu nikamwambia la jembe. Nikamwambia atafute mahali ambapo Kiingereza hakimsaidii na mikono ina kazi. Akanijibu kwamba parokia ya jirani na kwake ina jiko linalopikia watu wasio na uwezo, Jumanne na Ijumaa, na kina mama wa pale ni wazee, hawajui Kiingereza. Alikuwa amepita mlangoni mara nyingi. Alikuwa anaona haya kuingia kabla hajaijua lugha.

Ameanza. Anamenya viazi. Amejifunza kisu, chumvi, sogea, angalia moto, na jina la kila mama. Hajawa fasaha, na sitamuuliza atakuwa lini. Nimemwomba pia asinipigie kila siku, Jumapili inatosha. Ombi hilo liliniuma mimi kuliko lilivyomuuma yeye.

Ndugu msomaji mwenye mtoto Valencia, Muscat, Guangzhou au Minneapolis: ukimpigia wiki hii usimwambie atajua tu. Muulize leo amezungumza na nani, muda gani, na nani amemsahihisha. Kama jibu ni hakuna, usimpe moyo. Msaidie kutafuta mlango. Na wewe mtumishi mwenzangu uliyepangiwa Rukwa, mwenye nyumba Kizwite na watoto waliozaliwa hapa, usiseme umechelewa. Kesho asubuhi mwulize jirani yako jembe analiitaje kwa Kifipa, na akikujibu kwa Kiswahili, mwombe tena.